Sheria za zamani za tabia: maswali tunayoulizwa sana hapa steshenari

Kabla ya yote mi sio wakili. Nina steshenari karibu na mahakama hapa Moshi, nachapa hati za kiapo, mikataba ya viwanja, na malalamiko ya ndoa ambayo jioni wenyewe wanapatana na hela yangu ya kuchapa wananiachia deni. Watu wakisubiri fotokopi wanaanza stori, na stori ikishaingia kwenye sheria za zamani haitoki leo. Maswali ni yale yale kila wiki, kwa hiyo nimeyaandika hapa na majibu yake. Kitu unachotaka kwenda nacho mbele ya hakimu kamuulize wakili, mi hapa nakupa ya kujua tu.

Ivi ni kweli kuna kipindi mwanamke alikuwa anakatazwa kuvaa mini?

Kweli kabisa aisee. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969, na orodha yao ilikuwa hivi: mini, wigi, krimu za kujichubua, na suruali za kubana. Hata kabla ya hiyo tarehe kufika, Kariakoo kule Dar makundi ya vijana yalishaanza kuwashusha mabinti kwenye mabasi, kuwazomea na kuwachania nguo. Wasichana nao hawakunyamaza, magazeti ya wakati ule yalijaa barua, wengine wanaunga mkono wengine wanauliza mbona suti na tai za wakubwa hamna anayeziita za kizungu, ila gauni langu fupi ndio linaharibu taifa.

Hilo swali la tai mpaka leo sijasikia aliyelijibu vizuri.

Mwaka huo huo wa 1969, mwezi wa Novemba, Dar wakapiga marufuku muziki wa soul kwenye kumbi za dansi. Huku kwetu shangazi yangu anasema alichofanya yeye ni kufumua pindo gauni likashuka inchi 3, akaenda nalo kanisani, Jumatatu akalipandisha tena. Ndio watu wengi walivyoishi na hizi amri, hawakugoma wala hawakutii, walifumua pindo.

Na Wamasai je, si walilazimishwa suruali?

Hiyo ilikuwa hapa jirani mkoa wa Arusha, na ilitangulia ile ya mini. Mwisho wa 1967 kuingia 1968 mkoa ukatoa amri kwamba Mmasai akija mjini au akitaka kupanda basi avae suruali kama "mtu wa kisasa", rubega (ile shuka yao) hapana, mafuta mekundu ya kujipaka hapana. Kwenye vitabu vya Kiingereza utaikuta kama Operation Dress-Up.

Sasa fikiria mzee ametembea kutoka Monduli na ng'ombe wake wa mnada, anafika Arusha anaambiwa rudi kavae suruali. Nasikia watu walikuwa wanaazimana, suruali moja inaingia mjini asubuhi na mtu huyu, mchana inatoka inaingia na mwingine. Siwezi kukuapia kama ni kweli lakini ninavyowajua watu naamini. Leo pita Clock Tower pale Arusha, hiyo hiyo shuka ndio inauzwa kwa mtalii, iko kwenye kadi, iko kwenye mabango ya kampuni za safari, na yule morani kwenye bango hajavaa suruali.

Hizo zilikuwa sheria kweli au amri tu?

Hapa ndio wengi wanachanganya. Sheria inapita bungeni, inasainiwa, inapewa namba na mwaka. Amri anaitoa mkuu wa mkoa, au chama, au waziri kwa tangazo. Mambo mengi ya mavazi yanayosimuliwa kama "sheria ya Nyerere" hayakupita bungeni, yalikuwa maazimio ya chama na amri za mkoa. Kwa mwananchi aliyeko stendi utofauti haupo kabisa, mgambo akikushika hakuonyeshi namba ya sheria anakuonyesha fimbo. Utofauti unakuja baadae: sheria ya bunge mpaka bunge lirudi kuifuta, amri inazimika tu kimya kimya aliyeitoa akihamishwa mkoa.

Mfano wa karibuni, mabinti wanaojifungua wakiwa shule. Walikuwa wanafukuzwa moja kwa moja, Novemba 2021 serikali ikatangaza wanaruhusiwa kurudi kwenye shule za kawaida. Hakuna siku ambayo bunge lilikaa likapiga kura kuhusu hilo, ilikuwa tangazo na waraka.

Ni sisi tu Afrika au na wenzetu walikuwa na hizi za mavazi?

Haha, sisi tulikuwa tunajifunza. Malawi ya Banda mwaka 1973 wakatunga sheria kamili bungeni, mwanamke asivae suruali wala gauni la kuonyesha magoti, mwanaume asifuge nywele ndefu, ikafutwa 1993. Uganda Idi Amin alipiga marufuku mini 1972.

Ila wazungu ndio mafundi. Paris mwaka 1800 polisi walitoa amri mwanamke akitaka kuvaa suruali aombe kibali, baadae wakalegeza kwamba unaruhusiwa kama umeshika usukani wa baiskeli au hatamu za farasi, na hiyo kitu imekaa kwenye makabrasha mpaka Januari 2013 ndio waziri wao akasema rasmi kwamba haina nguvu tena. Miaka 213! Uingereza mwaka 1571 walitunga sheria mtu wa kawaida yeyote aliyezidi miaka 6 avae kofia ya sufu kila Jumapili na sikukuu, sio kwa sababu ya baridi wala heshima ya kanisa, ni kwa sababu watengeneza kofia walikuwa wanalia biashara imekufa. Ikafutwa 1597. Urusi Peter Mkuu alirudi safari ya Ulaya 1698 akaanza kunyoa wakubwa ndevu kwa mkono wake, alafu akaweka kodi, ukitaka kubaki na ndevu unalipia na unapewa kisarafu cha kuonyesha kwamba ndevu zako zimelipiwa. Roma ndio kabisa, 215 kabla ya Kristo wakiwa vitani wakawazuia wanawake kuvaa dhahabu zaidi ya nusu wakia na nguo za rangi rangi, vita ikaisha sheria ikabaki, wanawake wakajaa barabarani wakaziba njia za kwenda kwenye baraza mpaka ikafutwa 195.

Ukizipanga hizi zote kwenye meza moja unaona kitu, sheria ya nguo mara chache sana inahusu nguo. Angalia anakatazwa nani: msichana aliyeanza kupata mshahara wake, mfugaji asiyetaka kuhesabiwa, tajiri mpya anayevaa kama bwana mkubwa. Nguo ni pa kumshikia tu.

Babu anasema Mwafrika alikuwa haruhusiwi kunywa whisky. Anatania?

Hatanii. Mkataba wa Brussels wa 1890 na mwingine wa Saint-Germain wa 1919 ulizuia pombe kali kuuzwa kwa Waafrika sehemu kubwa ya bara, na Waingereza walipoichukua Tanganyika wakaendelea nayo mpaka miaka ya 1950. Walisema ni kumlinda mwenyeji. Mzungu kule klabuni alikuwa halindwi na mtu.

Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ilikuwa kesi nyingine. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 iliwapa wamangi, yaani machifu wa Kichagga, nguvu ya kusimamia pombe za kienyeji, kamari, kubeba silaha, vitu kama hivyo. Kwa hiyo mangi angeweza kusema msipike mbege kipindi hiki, ulezi ni wa chakula. Jaribu kumwambia hivyo Mchagga wa Desemba hii uone. Umangi wenyewe ulifutwa na serikali 1963, na sasa hivi mangi ni yule wa duka la kona anayekukopesha sukari, nguvu yake ya kisheria imebaki kwenye daftari la madeni.

Kuna "Sheria ya Moshi" ya 1966. Ni ya mji wetu?

Hapana jamani 😂 hili swali nalipenda. Ipo kweli, inahusu utengenezaji na ukenekaji wa moshi, yaani pombe ya moshi, gongo. Haina uhusiano na sisi wa Moshi hata kidogo. Kuna kijana wa chuo alikuja kuiprinti akaniuliza mbona mji mzima umetungiwa sheria.

Jumapili magari yalikuwa hayatembei?

Ndio, miaka ya 70 kwenda 80 mafuta yalipokuwa shida, gari binafsi Jumapili mwisho saa nane mchana, ukipita hapo uwe na kibali. Harusi zilikuwa zinawahi. Wazee wanakumbuka ile hali ya barabara tupu na watoto wanacheza mpira katikati ya lami, na wengine kwa kweli wanaikumbuka kwa hamu kabisa utadhani sio adhabu.

"Hamsa ishirini" imetoka wapi? Na zile kumi na mbili za kumwonyesha mkeo?

Ni vitu viwili tofauti, vipindi viwili.

Hamsa ishirini ni ya Mjerumani, viboko 25, na kiboko chenyewe kilikuwa cha ngozi ya kiboko mnyama ndio maana jina. Ukienda boma la Arusha, lile jengo la zamani ambalo sasa ni makumbusho, ujue hayo maboma ndio yalikuwa kila kitu, ofisi ya kodi, mahakama, na mahali pa kuchapiwa. Ulikuwa unaweza kuchapwa kwa kuchelewa kazini au kwa kuonekana hujaonyesha heshima, na "heshima" anaipima mwenye kiboko.

Zile 12 na 12 ni zetu wenyewe baada ya uhuru. Sheria ya Adhabu za Chini ya 1963 ilisema mtu wa makosa fulani, wizi wa mali ya umma, rushwa na mengine, pamoja na kifungo apigwe viboko 24, 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Wananchi wakamalizia wenyewe: kumi na mbili za kuingia, kumi na mbili za kutoka ukamwonyeshe mkeo. Huo mwisho wa mke haupo kwenye sheria, nimeulizwa mara nyingi kifungu namba ngapi. Mwaka 1972 ikatungwa nyingine badala yake.

Uzururaji ni kosa au sio kosa?

Hili ndio linaulizwa na vijana, hasa wa stendi na wale wapiga debe, nami nitalijibu kwa urefu maana ndio lenye historia ndefu kuliko yote.

Lilianzia mbali. Uingereza baada ya tauni kubwa ya 1348 na 1349 watu wa kufanya kazi walipungua, waliobaki wakaanza kudai mshahara mkubwa na kuhama kutafuta bwana anayelipa vizuri. Mabwana wakatunga amri, mtu mzima mwenye nguvu asiyefanya kazi akamatwe, na asiondoke kijijini. Kwa hiyo tangu mwanzo uzururaji maana yake ni mtu amekataa mshahara mdogo. Baadae sana, 1824, baada ya vita vya Napoleon mitaa ya London ikajaa maaskari waliorudi hawana nyumba, zawadi waliyopewa ni Sheria ya Uzururaji, ukilala nje ni kosa, ukiomba ni kosa.

Hiyo sheria ikapanda meli. Ikaenda India, ikaenda makoloni yote, na sisi tukaipata kwenye Kanuni ya Adhabu ya 1930, vifungu vya 176 na 177, vinazungumzia watu wavivu na wasio na utaratibu, na wale wasio na njia inayoonekana ya kujipatia riziki. Juu yake tulikuwa na ya 1923 ya watu mafukara, na ya 1944 ya kuwatoa mijini watu wasiotakiwa. Hilo neno ndio lilikuwemo kwenye jina la sheria, wasiotakiwa. Mtu katoka Rombo kuja kutafuta kibarua Arusha, hana kazi bado, tayari hatakiwi.

Ukadhani uhuru umeimaliza. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi, kila mwenye uwezo afanye kazi na awe na kitambulisho cha kuonyesha, asiye nacho anapakiwa kwenye gari anapelekwa kijijini au kwenye mashamba ya mkonge. Mama wa vitumbua akawa mzururaji. Fundi viatu chini ya mti mzururaji. Kinyozi hana leseni, mzururaji. Wazee wa hapa Majengo wanakusimulia jinsi mtu alivyokuwa anashika jembe asubuhi kulipitisha tu mjini ili aonekane anaenda shamba, jioni anarudi nalo safi halijaona udongo.

Sasa sehemu nzuri ya stori imetokea Arusha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu makao yake ni Arusha, na Umoja wa Wanasheria wa Afrika nao ofisi yao iko huko huko. Wanasheria wakaiuliza mahakama, hizi sheria za uzururaji zinaendana na Mkataba wa Afrika? Tarehe 4 Desemba 2020 mahakama ikajibu haziendani, zinambagua maskini, zinamnyima mtu uhuru wa kutembea, na nchi zinatakiwa kuzirekebisha au kuzifuta. Ni maoni ya ushauri, sio hukumu ya kumtoa mtu lokapu kesho asubuhi, lakini sasa wakili ana pa kusimamia. Waingereza wenyewe bunge lao lilipitisha 2022 kwamba ile ya 1824 ifutwe, alafu kuitekeleza wakaanza kuvuta miguu.

Kwa hiyo kijana ukiniuliza kosa au sio kosa, jibu langu la steshenari ni: usimwambie askari uliisoma kwangu. Muulize kwa upole anakushtaki kwa kifungu gani.

Uzunguni na Uswahilini, ilikuwa sheria au watu walijigawa?

Sheria za miji za wakati wa Mwingereza, kuanzia ile ya 1920, zilipanga mji kwa viwango vya ujenzi: eneo la nyumba za "aina ya Kizungu", eneo la biashara ambalo likawa uhindini, na eneo la nyumba za wenyeji. Haikuandikwa rangi, iliandikwa aina ya ukuta na bati, na kila mtu akajua maana yake. Arusha majina bado yapo. Sisi Moshi tuna kichekesho chetu, mtaa wa wenye hela unaitwa Shanty Town.

Azimio la Arusha lilikuwa linakataza viongozi nini hasa?

Lilipitishwa Januari 1967 pale Kaloleni Arusha, likatangazwa tarehe 5 Februari. Kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asipangishe nyumba. Na ujanja wa kuandika kwa jina la mke waliuona mapema, mwenzi naye akahesabiwa. Kwa maoni yangu hii ndio sheria ya tabia pekee hapa kwetu iliyowalenga wakubwa badala ya wadogo, na angalia ilivyofupishwa maisha: 1991 kule Zanzibar masharti yakalegezwa kwenye kikao, bila kelele, watu wengi walikuja kujua baadae. Gauni la shangazi lilipigiwa ngoma nchi nzima, hii iliondolewa kimya.

Mchumba kaniacha baada ya kulipa mahari, na jirani kachukua mke wa mtu. Sheria zile bado zipo?

Zipo, na hapa ndio napata wateja. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 69 kinaruhusu kudai fidia kwa aliyevunja ahadi ya kuoa, na cha 72 kinamruhusu mwenye ndoa kumdai fidia aliyezini na mwenzi wake, ile watu wanaita ugoni. Uchekeshaji wake ni huu, Waingereza waliotufundisha haya mambo walitunga sheria 1970 ya kuyafuta yote mawili kwao, sisi 1971 ndio tukayaandika. Ugoni hapa ni madai ya hela, sio jela. Nchi ambazo ilikuwa jela nyingi zimeshatoka huko, Uganda mahakama iliitupa 2007, Korea Kusini 2015, India 2018.

Na la "miaka miwili ukikaa naye ni mkeo", kifungu cha 160, ni dhana tu, mahakama inaanza kwa kuamini hivyo ila upande wa pili unaweza kuleta ushahidi ukaivunja. Msitishiane nalo.

Binti harithi kihamba (shamba la ukoo la Kichagga), hiyo si ilifutwa?

Jibu linauma. Mwaka 1963 serikali iliandika mila kwenye karatasi, Tangazo la Serikali namba 436, likihusu urithi kwa makabila yanayofuata baba, na humo binti yuko nyuma kabisa na ardhi ya ukoo anaitumia tu, hauzi. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya, kwenye kesi ya Holaria Pastory wa Bukoba akasema hapana, mwanamke anaweza kuuza shamba alilorithi sawa na mwanaume. Sheria za Ardhi za 1999 nazo zikasema mwanamke ana haki sawa ya kupata, kumiliki na kuuza ardhi. Ungedhani imeisha. Ila lile tangazo la 1963 halikufutwa na hiyo kesi, wajane wawili walilipinga mahakamani hapa Tanzania wakagonga mwamba mpaka wakafika kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, ambayo 2015 ikawapa haki na kuiambia nchi irekebishe.

Kwa hiyo mama, kaka yako akikwambia "mila ndio sheria" kuna karatasi nyuma yake, na wewe ukisema sheria imebadilika kuna karatasi nyuma yako pia. Nenda msaada wa kisheria kabla hamjaitana kwenye kikao cha ukoo, sio baada.

Sheria isipotumika miaka mingi si inakufa yenyewe?

Scotland ndio, wana kanuni kwamba sheria ya zamani sana ikiachwa muda mrefu na watu wakaishi kinyume chake inahesabika imekufa. Sisi hapana. Sisi tulirithi za Uingereza zile zilizokuwa zinatumika mpaka tarehe 22 Julai 1920, hiyo tarehe imeandikwa, na zetu zinaishi mpaka zifutwe. Tume ya Nyalali mwaka 1991 ilipewa kazi ya kuangalia vyama vingi, ikaja na orodha ya sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa, mle kuna ya kumweka mtu kizuizini ya 1962, ya kumhamisha mtu mkoa ya 1921, ya kuadhibu kijiji kizima kwa kosa la mmoja ya 1921 pia. Zingine zimeshughulikiwa, zingine zikaachwa zikae. Ya uchawi ya 1928 bado ipo, wakati Waingereza yao ya 1735 waliifuta 1951.

Sheria iliyolala ndio mbaya, maana ipo siku mtu mwenye hasira na wewe anaipekua.

Zile za kuchekesha zinazosambazwa watsapu ni za kweli?

Nusu kwa nusu. Kwamba ni kosa kufia bungeni Uingereza ni uongo, tume yao ya sheria ilishachunguza ikakanusha. Kwamba gari lilitakiwa kutanguliwa na mtu mwenye bendera nyekundu kwa miguu ni kweli, 1865, mwendo wa juu maili 4 kwa saa, mjini 2, bodaboda wa Kiboriloni angelia machozi. Kwamba kuwa mlevi huku unachunga ng'ombe barabarani ni kosa, kweli pia, 1872, na bado ipo. Hii ya mwisho msiwaambie watu wa Marangu.

Stakabadhi za kodi ya kichwa nizitupe?

Kodi hii Wajerumani waliianza miaka ya 1890 mwishoni kwa nyumba, ikawa ya kichwa, ikabadilishwa majina, ikarudi miaka ya 80 kama kodi ya maendeleo. Mgambo wanasimama njia panda asubuhi, wanaume wanapita kwenye migomba. Arumeru 1998 waligoma kabisa. Ilifutwa 2003, haidaiwi tena.

Ila juzi kaja mzee mmoja wa Old Moshi na kifurushi kimefungwa kwa kamba ya mgomba, stakabadhi za miaka yote, anataka nizifanyie laminesheni. Nikamwambia babu hii ilishafutwa miaka mingi hakuna atakayekuuliza. Akaniangalia, akahesabu hela yake taratibu akaiweka mezani, akasema "we bandika tu mjukuu wangu, hao ni watu wa kurudi."

Nikabandika zote. Zilikuwa 14, mbili wino ulishafutika.